Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mawasiliano: mkongo unaopita kijijini bila kusimama

Kwa waheshimiwa mawaziri wenye dhamana ya mawasiliano, wakuu wa mamlaka za udhibiti, wasimamizi wa mifuko ya mawasiliano kwa wote, na kila anayetia saini mkataba wa kupeleka intaneti vijijini.

Yah: Kulipia huduma inayotumika badala ya kilomita zilizochimbwa

Waheshimiwa,

Kazi yangu ni kuunganisha nyuzi za mkongo wa mawasiliano, nami nimeifanya kwa miaka mingi, zaidi kando ya barabara kuliko ofisini. Fundi huketi penye shimo, akamenya ganda jeusi la mkongo, akaufuta uzi kwa spiriti, akaukata kwa kisu chake maalumu mpaka ncha iwe tambarare kabisa, kisha akaulaza ndani ya mashine uso kwa uso na mwenzake. Hupita cheche moja ya umeme, na baada ya sekunde chache nyuzi mbili za kioo zimekuwa uzi mmoja. Uzi wenyewe una unene wa mikroni 125, unaokaribia ule wa unywele mnene, na mwanga unaobeba mawasiliano hupita katika kiini chenye upana wa mikroni 9 hivi. Punje moja ya vumbi ikiingia katikati, kazi inarudiwa kuanzia mwanzo.

Tukiwa kwenye shimo karibu na kijiji, watoto huja kutazama cheche, na baadaye huja mtu mzima na swali nililoulizwa mara nyingi kupita ninavyoweza kuhesabu: "Fundi, na sisi tutapata lini?" Jibu ambalo tumefundishwa kulitoa ni "hivi karibuni". Jibu la kweli, kwa njia nyingi nilizopata kuzijenga, ni kwamba mkongo ule unatoka mji mmoja kwenda mji mwingine, una nyuzi 48 au 96 ambazo nyingi hazijawashwa, na kwa makumi ya kilomita hapakuachwa hata mahali pamoja pa kuutolea tawi. Yule anayeuliza amesimama mita 2 kutoka kwenye uwezo wa mawasiliano ambao kijiji chake kisingeumaliza, na hakuna ukurasa wowote wa mkataba uliomtaja.

Ndiyo maana ninawaandikia, na ombi langu ni moja, ingawa litanichukua muda kulieleza: fedha ya umma inayotengwa kwa ajili ya intaneti ya vijijini ilipwe kwa kaya, zahanati na shule zinazoitumia huduma kwa kasi iliyokubaliwa, mwaka hadi mwaka, badala ya kulipwa kwa kilomita za mtaro, kwa idadi ya minara, au kwa siku ya uzinduzi. Mkandarasi hujenga kile anacholipiwa, na hilo si kosa lake. Akilipwa kwa kilomita, atachimba kilomita pale ambapo udongo ni laini na barabara imenyooka. Akilipwa kwa mnara, atasimamisha mnara. Hakuna mkataba niliowahi kuufanyia kazi ambao ulimlipa mtu yeyote kwa sababu muuguzi alifanikiwa kutuma picha.

Ukubwa wa jambo hili mnaufahamu. Kwa makadirio ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mawasiliano, watu wapatao bilioni 2.6 hawakuwa wakitumia intaneti mwaka 2024, na bilioni 1.8 kati yao walikuwa wakaaji wa vijijini. Mijini walioitumia walikuwa asilimia 83, vijijini asilimia 48. Lakini makadirio hayo hayo yanabeba jambo jingine ambalo hotuba huliruka: ni kama asilimia 4 tu ya watu duniani wanaoishi mahali ambapo mawimbi ya simu yenye intaneti hayafiki kabisa. Kwa maneno mengine, wengi wa walio nje hawako nje kwa kukosa mnara. Wako chini ya mnara, lakini huduma ni ghali kwao, au ni dhaifu kiasi cha kutofaa, au kifaa hakipo, au hakuna aliyewaonyesha inavyotumika. Nchi inaweza kumaliza kujenga, ikatangaza kwamba imemaliza, na bado watu wake wengi wakabaki pale pale walipokuwa.

Tuanze na ramani, kwa kuwa kijiji kisichoonekana kwenye ramani hakipati chochote, na kijiji kinachoonekana kimehudumiwa hakipati zaidi. Marekani, yenye uwezo wote wa kupima ilio nao, kwa miaka mingi ilihesabu eneo zima la sensa kuwa limefikiwa iwapo kampuni ingeweza kuhudumia nyumba moja tu ndani yake. Vijijini eneo la aina hiyo huwa kubwa sana, na kwa hiyo nyumba moja iliyo karibu na barabara kuu iliwafuta wote walio bondeni nyuma yake. Ilibidi Bunge lao litunge sheria mwaka 2020 kudai ramani inayokwenda hadi kwenye jengo moja moja, na ramani hiyo mpya ikatolewa kwa mara ya kwanza Novemba 2022, ikiwa na utaratibu wa mwananchi kupinga kilichoandikwa juu ya nyumba yake. Ninaupenda utaratibu huo wa kupinga kuliko ramani yenyewe. Ramani inayochorwa kwa taarifa za mtoa huduma peke yake itakuwa na rangi nzuri daima, na mtu pekee anayeweza kuisahihisha ni yule aliyeishika simu yake juu kutafuta mawimbi. Wekeni namba fupi ya ujumbe isiyotoza salio, mwenyekiti wa kijiji aseme "hapa hakuna", na jukumu la kuthibitisha kinyume chake liwe la kampuni.

Baada ya ramani linakuja neno "kasi", ambalo limevumilia mengi. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, mwaka 2015 iliweka kiwango cha megabiti 25 kwa sekunde za kupakua na 3 za kupakia, na mwaka 2024 ikakipandisha hadi 100 na 20. Sisemi kila nchi inakili namba hizo. Ninaomba mtazame ile namba ya pili, ya kupakia, ambayo kwenye mabango haiandikwi. Kijiji hakipokei tu, kijiji hutuma. Zahanati ikiwa na faili la picha za mgonjwa lenye megabaiti 200 la kumpelekea daktari bingwa, hizo ni megabiti 1,600, kwa kuwa baiti moja ni biti 8, na kwa njia inayopakia megabiti 1 kwa sekunde kazi hiyo inachukua kama dakika 27, ikiwa haikukatika katikati, na ikikatika mara nyingi huanza upya. Kwa megabiti 20 ni sekunde 80. Kati ya sekunde 80 na dakika 27 kuna tofauti kati ya chombo kinachotumika kila siku na chombo ambacho muuguzi alikijaribu mara mbili akakiacha.

Kasi hiyo pia ipimwe saa 2 usiku. Wapimaji huja saa 4 asubuhi, watu wakiwa kazini na shambani, wakapata matokeo mazuri, wakaondoka. Mnara ambao umeunganishwa na dunia kwa njia ya redio ya megabiti 100, watu 50 wakiingia kwa pamoja jioni, unampa kila mmoja megabiti 2, na hiyo ni kabla ya kuhesabu mvua, umbali na unene wa ukuta. Hesabu hiyo haihitaji utaalamu, na wala kampuni haijadanganya mahali popote. Imejibu swali iliyoulizwa, nasi hatukuuliza la jioni.

Mtaambiwa, na wengi wenu mmeshaambiwa, kwamba teknolojia mpya itatuepusha na gharama za kuchimba. Katika hili naomba nikae kidogo, maana ndipo fedha nyingi hupotelea.

Setilaiti za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lako hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka, jumla kilomita zaidi ya 143,000. Hata mwanga wenyewe unahitaji karibu nusu sekunde kumaliza safari hiyo. Filamu utaitazama bila tabu, ila mazungumzo ya daktari na mgonjwa yatakuwa ya kukatizana. Setilaiti za kizazi kipya zinazoruka chini, kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, zimeondoa tatizo hilo la kuchelewa, na ningekuwa mwongo nikisema si msaada mkubwa. Kwa kisiwa chenye kaya 30, kwa wafugaji wanaohama, kwa kituo cha afya kilichozungukwa na milima, ningezichagua mwenyewe leo hii. Lakini uwezo wa setilaiti moja hugawanywa kwa wote walio chini yake kwa wakati huo, kwa hiyo kadiri eneo linavyojaa ndivyo kila mmoja anavyopungukiwa. Na tena kifaa na malipo ya kila mwezi humwangukia mtumiaji mmoja mmoja. Ni jawabu la watu wachache waliotawanyika. Kwa kijiji kilichokusanyika kilomita 6 kutoka kwenye mkongo, ni njia ya kuahirisha. Na kuhusu mambo mapya yanayoshuka kutoka angani, tuyakumbuke yale maputo ya intaneti ya Loon, ya kampuni mama ya Google, yaliyoanza huduma ya kibiashara nchini Kenya mwaka 2020 na kufungwa mwaka 2021. Kijiji kilichochimbiwa mtaro mwaka huo huo bado kina mtaro.

Mkongo nao una sifa ambazo sisi mafundi tunazijua lakini hatuulizwi. Mwanga ukisafiri ndani ya uzi mzuri, baada ya kilomita 15 karibu nusu yake bado ipo. Kwa mfumo wa kawaida unaotumika kwa kaya, uzi mmoja ukitoka kwenye kituo unaweza kufika umbali wa kilomita 20, ukagawanywa kwa kaya 32 kwa kutumia kigawanyo cha kioo kisichohitaji umeme wowote njiani, na hata kaya zote 32 zikivuta kwa mpigo, kila moja hubaki na megabiti zaidi ya 70. Narudia: kisichohitaji umeme njiani. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, jambo hilo lina thamani kuliko matangazo yote ya kizazi cha ngapi cha simu. Mnara bila umeme ni chuma tu, na dizeli yake lazima mtu aipandishe mlimani. Isitoshe, ukitaka kuongeza kasi ya mkongo miaka 10 baadaye, hubadilishi mkongo. Unabadilisha vifaa vya pande mbili, na uzi ule ule unaendelea kulala ardhini.

Kinachoufanya uwe ghali si kioo. Kioo ni rahisi. Gharama kubwa iko kwenye kuchimba, vibali, na kurudisha barabara ilivyokuwa. Kwa hiyo kila barabara ya vijijini inayojengwa leo bila kulazwa bomba tupu pembeni yake ni gharama ambayo mtailipa mara mbili, na ninasema hivi nikiwa mtu ambaye amechimba kando ya lami iliyokuwa bado inanuka upya. Umoja wa Ulaya ulitoa maelekezo mwaka 2014 yaliyowataka wanachama wake kuratibu ujenzi wa aina hiyo na kuruhusu mabomba na nguzo zilizopo zitumike kwa mikongo. Wizara ya barabara, wizara ya maji, shirika la umeme na wizara yenu hazikosi ofisi za kukutania. Zinakosa kifungu kinachosema kwamba fedha ya barabara haitatolewa mpaka mchoro wa bomba uwe umeambatishwa.

Na ile mikongo iliyokwisha kulazwa, inayopita bila kusimama? Hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Wekeni katika leseni kwamba kila mkongo mkuu uliopata fedha ya umma, msamaha wa kodi, au ruhusa ya kupita kwenye hifadhi ya barabara, uwe na shimo la kutolea tawi kwa kila kijiji unachokipita, na mwenye mkongo awauzie wote wanaotaka kuunganisha kwa bei moja iliyotangazwa. Kufungua mkongo na kutoa nyuzi mbili ni kazi ya siku moja kwa mafundi wawili. Tatizo halijawahi kuwa kazi. Tatizo ni kwamba mwenye mkongo hana sababu ya kuruhusu, maana wateja wake wako miji ya pande zote mbili, na kijiji kwake ni hatari ya kukatika tu.

Nirudi kwenye malipo. Mfano ninaoujadili sana na wenzangu ni wa India. Mwaka 2011 serikali yao ilipitisha mpango, ambao baadaye uliitwa BharatNet, wa kufikisha mkongo kwenye mabaraza ya vijiji yapatayo 250,000. Ukubwa wake unatia heshima. Muda uliopangwa ulipita zaidi ya mara moja, lakini kuchelewa si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba mpango ule wa awali uliuhesabu mkongo kuwa umefika ulipofika ofisi ya baraza, na jinsi ya kutoka ofisini hapo hadi nyumbani kwa mtu likaachwa kuwa jambo la baadaye, la mtu mwingine. Mpango ulioboreshwa uliopitishwa mwaka 2023 ukarudi kurekebisha: njia zijengwe kwa mzunguko ili mkongo ukikatwa upande mmoja mawasiliano yapite upande wa pili, na uendeshaji pamoja na matengenezo ya miaka 10 yawe ndani ya mkataba. Mambo hayo mawili, mzunguko na matengenezo, fundi yeyote angewaambia siku ya kwanza.

Matengenezo ndiyo hasa. Niliwahi kutumwa shule moja ambako intaneti ilikuwa "imekufa". Kwenye kifaa cha ukutani taa nyekundu ilikuwa ikiwaka na kuzimika, ishara kwamba hakuna mwanga unaofika. Mwalimu aliyekabidhiwa chumba alikuwa amekizima na kukiwasha kila asubuhi kwa muda wa miezi kadhaa, kwa sababu ndilo jambo pekee aliloelekezwa kufanya, naye alikuwa ameandika tarehe za kila jaribio kwenye daftari, kwa kalamu ya bluu, kurasa nne. Kabati lenye vifaa vingine lilikuwa limefungwa, ufunguo alikuwa nao mkandarasi, na mkandarasi alikuwa amemaliza mkataba wake. Mkongo ulikuwa umekatwa na greda mita mia chache kutoka pale. Ncha zake zilikuwa zinaonekana juu ya udongo. Kuunganisha kulinichukua chini ya saa moja. Katika taarifa zote za kipindi hicho shule ile ilihesabiwa kuwa imeunganishwa, na kwa maana ya mkataba, ilikuwa imeunganishwa.

Ndiyo maana napendekeza ratiba ya malipo iliyo tofauti, na naileta kama pendekezo la mtu wa shimoni, mkawape wataalamu wenu wailainishe. Theluthi ya fedha itolewe wakati wa ujenzi. Theluthi ya pili itolewe huduma inapopimwa, jioni, kwenye kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, pamoja na ile iliyo mbali kuliko zote. Theluthi ya mwisho igawanywe kwa miaka 5, kila mwaka ikilipwa kulingana na idadi ya kaya na taasisi zinazotumia huduma na muda ambao haikukatika. Mwenye kujua kwamba theluthi ya fedha yake imetandazwa hadi mwaka wa 5 atatafuta kijana wa kijijini wa kumfundisha kuunganisha uzi, atamwachia ufunguo wa kabati, na atamlipa, bila kuhitaji waraka wowote kutoka kwenu.

Najua majibu mawili yatakayotolewa, na yote mawili yana uzito.

La kwanza ni kwamba makandarasi wadogo hawana mtaji wa kusubiri miaka 5, na kwa hiyo kazi zote zitaangukia kampuni chache kubwa. Ni kweli, na dawa yake ni mkopo. Mwaka 1935 Marekani ilipounda chombo cha kupeleka umeme vijijini, karibu shamba 1 tu kati ya 10 lilikuwa na umeme, na kampuni za umeme zilikuwa zimeshasema kwamba wakulima wametawanyika mno kuleta faida. Serikali haikuishia hapo. Ilitoa mikopo ya muda mrefu kwa riba ndogo, na waliokuja kuichukua kwa wingi walikuwa ni wakulima wenyewe kupitia vyama vya ushirika. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 mashamba karibu yote yalikuwa na umeme. Vyama vingi kati ya hivyo vipo hadi leo, na kadhaa kati yao sasa vinalaza mkongo kwenye nguzo zile zile. Mkopo ulikuwa na sifa moja ambayo ruzuku ya kilomita haina: hulipika pale tu ambapo kuna mtu anayetumia.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Kampuni itasema: sisi tumefikisha huduma, watu hawajajiunga kwa kuwa hawana uwezo au hawana simu janja, kwa nini tuadhibiwe kwa umaskini ambao hatukuusababisha? Sitaki kulipuuza. Pengine nusu ya malipo ya kila mwaka ifuate huduma kupatikana na nusu nyingine ifuate kutumika. Lakini bei ni ya nani kama si ya kampuni na mdhibiti? Tume ya Umoja wa Mataifa ya mtandao wa kasi iliweka lengo kwamba huduma ya msingi isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Lengo hilo linapimwa kwa wastani wa nchi nzima, na wastani huwa mkarimu kwa sababu unawachanganya wa mjini na wa kijijini. Andikeni bei ya juu kabisa ndani ya mkataba wa ruzuku, kwa kipimo cha pato la vijijini, na muitangaze kwa lugha ambayo watu wanaisema. Kampuni isiyoiweza bei hiyo isiombe ruzuku.

Pale ambapo hakuna atakayeiweza, waachieni wenye kijiji wajenge. Siandiki haya kwa kuota. Kaskazini mwa Lancashire, Uingereza, kampuni ya wanajamii iitwayo B4RN ilianza mwaka 2011. Wenye mashamba waliruhusu mkongo upite kwenye ardhi yao bila malipo, watu wa kujitolea wakachimba, na nyumba za vijijini zikapata gigabiti 1 kwa kupakua na kwa kupakia, kasi ambayo wakati ule miji mingi haikuwa nayo. Katalonia, nchini Hispania, mtandao wa Guifi.net umekuwa ukijengwa na watumiaji wake tangu mwaka 2004. Mankosi, katika jimbo la Rasi ya Mashariki nchini Afrika Kusini, ushirika wa Zenzeleni uliendesha mtandao wake kwa umeme wa jua. Kinachovifananisha vikundi hivi ni kwamba aliyechimba ndiye anayetumia, na mkongo ukikatwa aliyeukata anajulikana kwa jina na kufuatwa nyumbani.

Kinachovikwaza, karibu kila mahali, ni leseni. Ada na masharti yaliyoandikwa kwa ajili ya kampuni yenye wateja milioni yanakidai chama chenye kaya 80 kitu kile kile. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo wa leseni kwa ajili ya mitandao ya jamii, na hilo ni jambo ambalo mdhibiti yeyote anaweza kulifanya bila kutumia fedha hata kidogo. Sambamba na hilo, masafa ya redio ambayo kampuni zilipewa kwa nchi nzima na hazijawahi kuyatumia nje ya miji yarudishwe pale yasipotumika. Mtu haruhusiwi kuhodhi kiwanja asichokijenga, na sioni kwa nini mawimbi yawe na sheria ya upole zaidi kuliko ardhi.

Sikuandika juu ya mafunzo ya matumizi wala maudhui ya lugha za watu, ingawa nayo ni mahitaji ya kweli; wapo wanaoyajua kuliko mimi, na sina cha kuongeza.

Katika wiki zijazo, mmoja wenu ataletewa mkataba mwingine wa kuidhinisha. Utakuwa mnene, na kurasa za mbele zitakuwa na ramani na picha za minara wakati wa machweo. Naomba afungue kiambatisho cha ratiba ya malipo, ambacho kwa kawaida huwa karibu na mwisho, asome ni kitendo gani hasa kinachosababisha fedha itoke, na kama neno "kaya" halimo katika ukurasa huo, aurudishe kabla ya kutia saini. Nami nipo tayari kuja kwenye kikao chochote mtakachoniita, na mashine yangu ya kuunganishia, niwaonyeshe jinsi tawi linavyotolewa na muda linaochukua.

Wenu mtiifu,

Fundi wa mkongo